Nilivyotumwa Ubelgiji Kuchunguza Wakwe

Kwa ukoo wetu pale Misigiri, binti akiposwa, kabla mahari haijatajwa anatumwa mtu kwenda kuangalia nyumbani kwa wakwe. Huyo mtu hapeleki taarifa. Anatokea tu, siku ya kawaida, saa ambayo hakuna anayemtegemea. Ukipeleka taarifa hata nyumba ya mlevi inafagiliwa, na utakuta watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini. Anayetumwa anaangalia jikoni, anazunguka nyuma ya nyumba, anapita kwa majirani na kuuliza maswali yasiyo na haya. Kuna mwizi hapa? Mama mwenye nyumba ana mdomo? Wanagombana? Kisha anarudi kusema, na akisema hapana, habari imeishia hapo. Kwa miaka mingi sasa anayetumwa ni mimi.

Wanasema wananituma kwa sababu sina aibu. Sawa, sikatai. Nina mgahawa Shelui, barabarani kabisa, pale madereva wa malori wanapopoza breki baada ya kushuka mlima Sekenke. Wanashuka roho mkononi, wanakaa, wanaagiza ugali na kuku wa kienyeji, na mimi nawaangalia. Mtu akishanawa mikono na kumega tonge la kwanza, nimeshamjua nusu. Anayemfokea msichana wangu kwa sababu ya chumvi, huyo hata mkewe hana raha. Sijasomea popote, ni kukaa na watu tu.

Basi, mtoto wa kaka yangu akaposwa na Mbelgiji.

Huyu binti ni mwanangu, niseme tu hivyo. Mama yake alifariki akiwa bado ananyonya, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni huku napika. Alikwenda Ubelgiji kusoma, akapata kazi kwenye maabara ya hospitali katika mji mkubwa, na huko huko akakutana na huyo kijana ambaye kwao ni mji mdogo kando ya mto. Kijana alikuja Misigiri mara moja, akala mlenda bila kukunja uso, akasaidia kuchota maji. Mimi nilimpenda. Lakini kijana siyo ukoo, na kaka yangu alipoitisha kikao alikuwa ameshanuna tayari.

"Wazungu wana majumba ya kutupia wazee," alisema. "Msinidanganye, nimeona kwenye televisheni. Mzee akishachoka anapelekwa huko anakaa na wageni mpaka afe. Mtu anayemtupa baba yake, mkwe atamfanyaje? Mwanangu akiugua huko, nani atamgeuza kitandani?"

Wifi yangu, mke wa mdogo wetu, akajaribu kusema kwamba binti mwenyewe ameeleza kuwa babu wa huyo kijana anaishi nyumbani na mama wa kijana. Kaka akacheka kwa pua.

"Huyo ameshapenda. Hata mkwe akiwa na pembe atasema hana. Atakwenda shangazi yake. Swali langu ni moja tu. Mzee wao anaishije?"

Watu wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Nikasema, "Ubelgiji? Mimi?" Na moyoni, nisiwafiche, nilikuwa nimeshaanza kufungasha.

Jioni ile binti akanipigia. Hakucheka kama anavyocheka siku zote. Ni lazima mjue kwamba nilikuwa nimeshamvunjia posa mbili. Ya kwanza, kijana alikuwa na mke mwingine ambaye majirani walinionyesha hadi mlango wake. Ya pili ilikuwa pale Singida mjini, Utemini, familia nzuri, nyumba ya vigae, geti la kuteleza. Nikazunguka nyuma, nikamkuta bibi yao analala kwenye stoo pamoja na magunia ya vitunguu, sahani yake ya chakula imewekwa chini sakafuni. Nikarudi nikasema hapana, na leo ningesema hapana. Lakini binti alimpenda yule mwanaume. Alitii, akaenda zake Ulaya, na kwa muda mrefu simu zake kwangu zilikuwa za salamu tu.

"Shangazi," aliniambia safari hii, "tiketi nimekukatia mwenyewe. Njoo uangalie, ni haki yenu. Lakini hii ni ya mwisho. Ukisema hapana nitatii, ila msiniulize tena habari za kuolewa mpaka mnanizika. Siwezi kuanza upya. Nimechoka."

Niliitikia, nikakata simu, nikakaa kwenye benchi la mgahawa huku dereva mmoja ananiita niongeze mchuzi nami simsikii. Mtoto niliyembeba mgongoni ananiambia amechoka. Roho iliniuma vibaya sana.

Ya ndege sisimulii, nililala. Binti alinipokea, akanivalisha koti lake zito juu ya kitenge, tukapanda treni inayokwenda ubavuni mwa mto Meuse. Mto wenyewe mpana, maji ya kijani, unakwenda taratibu mno. Juu yake zinapita boti ndefu zimebeba mchanga na kokoto, ndefu kuliko semi-trela mbili zilizounganishwa, na nyuma mwenye boti ameanika nguo zake na kuegesha gari lake dogo humo humo kwenye boti. Nikamuuliza binti, "Huyu anaishi humo?" Akasema ndiyo. Nikasema, makubwa! Dereva aliyehama na nyumba yake!

Mji tulioshukia ni mdogo, umebanwa kati ya mto na jabali. Nyumba zimeegemea jabali kabisa, nyembamba, zimeshikana mabega, za rangi rangi, na juu kileleni kuna ngome ya zamani ya mawe. Kanisa lao lina kuba jeusi, na hilo kuba, msinicheke, ni kitunguu kitupu. Kitunguu cha Singida, kimenona chini na kuchomoza ncha juu. Nikasimama darajani nikacheka mwenyewe. Na mimi mawe nayajua. Mtu aliyezaliwa mkoa wetu, ambako unajenga chumba na sebule katikati ya majabali, haogopi nyumba iliyobanwa na jiwe. Nikajisikia nimefika mahali panapoeleweka.

Binti alinipangia chumba juu ya duka la mikate, maana mchunguzi halali kwa wakwe. Hilo hata yeye analijua. Ilikuwa Jumatano. Yeye alikuwa na kazi hadi Ijumaa, na mama wa kijana alikuwa ametualika chakula Jumamosi mchana, yeye, kijana na mimi. Kabla hajaondoka akanishika mikono yote miwili.

"Shangazi, nakuomba. Subiri Jumamosi. Huku mtu haendi kwa mwenzie bila miadi. Ni kama kumvua nguo. Hata watoto wake wanapiga simu kwanza. Nyumba ile pale, ya mlango wa kijani, ona, umeshaiona. Ila usiende."

"Nimesikia," nikasema.

Kusikia nilisikia kweli.

Jioni ile nikashuka dukani kununua mkate. Nikaingia, nikasimama. Nyuma ya kaunta yuko msichana mdogo, wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Nikangoja anisalimie. Haniamkii. Ananiangalia tu. Na mimi namwangalia. Nikasema moyoni, wewe mtoto, mimi sikuanzi, hata tukeshe hapa. Tukatazamana mpaka nikaanza kuhesabu mikate. Ndipo akaingia babu mmoja na fimbo yake, mzee wa kuheshimika, na kabla hajafunga mlango akasema "bonjour" kwa duka zima, mimi nikiwemo, na yule msichana akachangamka akamjibu. Kumbe huku anayeingia ndiye anayeanza, hata awe na mvi hadi kwenye nyusi! Msichana naye alikuwa ananingoja mimi, na pengine anasema moyoni kwamba mama huyu ana dharau. Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikaingia upya. "Bonjour!" nikasema kwa sauti ya kuita dereva aliyelala kwenye lori. Msichana akacheka hadi akainama, akanipa na biskuti ya bure.

Hiyo biskuti nayo! Ni unga na asali tu, imechorwa picha ya samaki, inapendeza. Nikapanda nayo chumbani, nikaing'ata kwa imani yote, nikapiga kelele. Lile si jambo la meno. Mwenye duka, mama wa makamo anayejua Kiingereza cha kutosha, akapanda mbio kunionyesha kwamba unavunja kipande na kukitia mdomoni kikalainike chenyewe. Nikamwambia kwetu asali tunayo ya kuoga, ila haijawahi kututisha hivyo.

Nikaona huyu ndiye jirani wa kumuuliza. Nikamvutia kiti. "Mama yangu, ile familia ya mlango wa kijani. Kuna wezi mle? Kuna ulevi? Huyo mama ana tabia gani?"

Mwanamke wa watu akanitolea macho. Akaweka mkono kifuani. Akasema habari za watu yeye hazijui, na kwamba hali ya hewa kesho itakuwa nzuri. Akashuka ngazi haraka haraka. Kwetu ungeuliza swali hilo, ungeondoka na habari za vizazi vitatu na kikombe cha uji juu. Nikalala nikijua kwamba upande wa majirani umefungwa.

Alhamisi asubuhi nikaoga, nikafunga kilemba, nikavuka barabara.

Nisiseme uongo, maneno ya binti nilikuwa nayo kichwani. Lakini nilifikiri hivi. Jumamosi nitakuta kitambaa cheupe mezani, na huyo mzee amenyolewa, amevalishwa tai, amekalishwa kwenye kiti cha mbele. Nitarudi niseme nini kwa kaka? Kwamba nimeona tai? Mtoto wangu anaweka maisha yake yote mikononi mwa watu hawa, halafu mimi nitazame kitambaa?

Nikasimama mbele ya mlango wa kijani. "Hodi!" "Hodi hapa!" Dirisha la ng'ambo likafunguka, kichwa kikatoka, kikarudi. "Hodi jamani!" Ndipo nikaona kengele, nikaibonyeza mpaka kidole kikauma.

Mlango ukafunguka nusu. Mwanamke mrefu, nywele zimefungwa kwa kibanio, aproni imelowa, ndala miguuni. Akaniangalia, nikajua amenitambua, maana picha yangu ameshaonyeshwa. Akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Jumamosi!" akasema kwa Kiingereza. "Tafadhali! Jumamosi!"

Akafunga mlango.

Ee Mungu wangu. Mimi! Nimefungiwa mlango! Kwetu hata adui yako akipiga hodi unamwambia karibu, utamgombeza akiwa ameshakaa. Hata mwenye deni la damu hupewa kiti. Nilibaki nimeukodolea macho ule mlango. Nikavuka tena barabara, nikakaa kwenye benchi kando ya mto. Boti ikapita, mtu akanipungia mkono, sikumpungia. Nikatoa simu. Jina la kaka lile pale. Nilikuwa na la kumwambia, na lilikuwa fupi. Wamenifungia mlango. Angesema, si nilikuambia? Na posa ingekufa pale pale, pale kwenye benchi, kabla sijamaliza hata salamu.

Kidole kikagoma. Sauti ya binti ilikuwa masikioni. Siwezi kuanza upya. Nikasema, ngoja kwanza. Ngoja, wewe mwanamke mwenye hasira. Tangu lini ukapeleka habari ya mlangoni tu? Utemini mlangoni palikuwa na tabasamu na soda baridi, na nyuma palikuwa na bibi kwenye stoo. Huku mlangoni pamekuwa pabaya. Nyuma umepaona?

Tena nikakumbuka kitu. Mkono wake ulikuwa na povu hadi kwenye kiwiko.

Nikainuka, nikatafuta njia. Kati ya nyumba zile na jabali kuna uchochoro mwembamba, una majani na mapipa ya takataka. Nikapita kiubavu ubavu, koti linashika ukutani, nikahesabu paa mpaka nikafika kwenye paa lao. Kuna ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta bustani ndogo, na mlango wa jikoni umeachwa wazi mvuke utoke. Nikasimama kwa ncha za vidole.

Mzee yuko kwenye kiti katikati ya jikoni. Kifua wazi, mabega yamefunikwa taulo, shingo ameilaza nyuma juu ya beseni. Nywele nyeupe zimejaa povu. Yule mwanamke amesimama juu yake, mkono mmoja na jagi, mkono mwingine ameuweka kwenye paji la uso wa mzee kama ukingo, maji yasimwingie machoni. Mzee anafoka kwa Kifaransa. Mwanamke anamjibu taratibu, anamimina kidogo, anasimama, anamimina tena. Nikaona macho yake yanakimbilia upande wa mlango wa mbele. Alijua yuko mgeni huko nje aliyekasirika. Alikuwa na haraka ya kufa mtu, lakini mkono wake haukuwa na haraka hata kidogo. Akamfuta sikio la kulia kwa ncha ya taulo, polepole, na la kushoto, na nyuma ya masikio, pale ambapo mtu hafuti kama anafanya ili aonekane.

Nilisimama pale hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Hasira sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa nalia, tena sikujua nimeanza saa ngapi. Kumbe mlango aliufunga kwa sababu ya huyu mzee aliye kifua wazi! Alimfunika. Angenifungulia mimi, mgeni, ningemkuta mzee wa watu hana shati.

Nikarudi nyuma nijifute machozi, nikakanyaga chungu cha maua. Pa! Mwanamke akapiga yowe. Mzee naye akapiga yowe. Na mimi nikapiga yowe kwa sababu wao wamepiga.

Akaja ukutani na jagi mkononi, akanikuta nimejibanza, kilemba kimeegemea sikio. Tukatazamana. Nilifikiri ataniitia polisi. Badala yake akaanza kucheka, kisha akawa analia huku anacheka, akafungua geti dogo la bustani. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tukaelewana vizuri.

"Samahani," alisema. "Mimi mchafu. Nyumba chafu. Babu hajavaa. Nilitaka uone vizuri Jumamosi."

"Nimeona vizuri leo," nikamwambia.

Nikavua koti. Nikamsogelea mzee, nikapiga goti kidogo, nikampa shikamoo yake kwa Kiswahili, kwa sababu heshima haiulizi pasipoti. Hakujua ni nini, lakini alijua kwamba amepewa. Akautoa mkono kwenye taulo, akaushika wangu, akaubusu juu ya vidole, na povu likanibaki mkononi. Wee! Tangu nizaliwe sijabusiwa mkono. Nikakunja mikono ya blauzi, nikachukua jagi, mwenzangu akashika kichwa, tukasuuza.

Tulipomaliza tukamvalisha shati, tukamsogeza dirishani auone mto, maana mguu wake mmoja haufanyi kazi tena. Mwanamke akanipa kahawa. Ukutani palikuwa na picha ya mwanaume kijana mwenye kidevu kama cha yule mzee. Nikauliza, huyu ni ndugu yako?

"Mume wangu," akasema. Akaonyesha juu, mbinguni. Kijana wake alikuwa bado mdogo, akanionyesha kimo kwa mkono, usawa wa meza. Kisha akamwonyesha mzee. "Baba yake."

Nikaweka kikombe chini. Siku zote nilidhani mzee ni baba yake mwenyewe.

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wana mpaka. Huketi naye hovyo, humtazami usoni hovyo, na kumwosha ndiyo usiseme. Mzee wa kwetu ana watoto wake wa kiume, ana wajukuu, hao ndio wanaomshika. Nilikaa pale nikiwaza, nitamwambiaje kaka jambo hili? Ataona ni aibu tupu. Nikamuuliza yule mwanamke, na swali halikuwa na haya, "Mume amekufa. Wewe ungeweza kuondoka. Kwa nini hukuondoka?"

Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini mto una maji. "Kwenda wapi?" akasema. "Ni Papa." Ndivyo huku wanavyomwita baba.

Basi. Hakusema lingine, akanyanyuka kumpelekea mzee kahawa na ile biskuti ya kutisha, ameshaivunja vipande vidogo.

Kumbe wakati anachemsha kahawa alikuwa amempigia binti yetu kumwambia shangazi yuko jikoni. Mchana mtoto akaingia mbio, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, pumzi juu juu. Alikuwa ametoka kazini akapanda treni bila hata kubeba mkoba. Akaniona nimesimama na kitana, namchana mzee nywele.

"Shangazi," akasema. "Umefanya nini?"

Kabla sijajibu simu yangu ikalia. Kaka. Alikuwa amesema Alhamisi atapiga, na yeye akisema hupiga. Nikaweka sauti wazi, nikaiweka simu mezani katikati ya vikombe. Binti akashika mgongo wa kiti. Yule mwanamke hakuelewa Kiswahili, lakini aliziona sura zetu, akaacha kufuta meza.

"Umefika?" kaka akauliza. "Umemwona mzee?"

"Nimemwona."

"Anaishije?"

"Nimemkuta anaoshwa nywele jikoni. Amenenepa, ana ulimi, anafoka kama wewe."

"Anaoshwa na nani? Wameajiri mtu?"

"Anaoshwa na mama wa kijana."

"Binti yake, basi."

"Siyo binti yake, kaka. Ni mkwe wake."

Nilisikia kuku wa Misigiri wakilia kwenye simu. Binti akafumba macho. Anaujua ule mpaka kama ninavyoujua mimi.

"Mkwe anamwosha mkwe," kaka akasema polepole. "Na mwanaume wa nyumba ile anatazama tu?"

"Mwanaume alikufa. Kijana akiwa mdogo, usawa wa meza. Huyu mwanamke hana mume wa kumlazimisha, hana shemeji, hana wa kumsema. Alikuwa na ruhusa ya kuondoka siku ya mazishi. Hajaondoka."

Nikaangalia kama mtandao umekatika. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa, na kaka yangu, ambaye hasimami hata mwenyekiti wa kijiji akipita, akasema, "Subiri nisimame." Akakohoa. "Mgeuzie simu huyo mama. Mwambie baba wa binti anamsalimia. Mwambie mwanangu alinyonyeshwa na mtu mmoja, akalelewa na mwingine, sasa naona amepata wa tatu." Halafu akanirudia mimi. "Tangaza, dada yangu. Tangaza huko huko walipo."

Nikamtazama mtoto wangu. Alikuwa amekaa chini, sakafuni, penye maji ya kuoshea mzee, na gauni lake la kazini.

Nikatoka kwenye mlango wa kijani, nikasimama barabarani mbele ya mto, nikavuta pumzi ya tumboni, nikapiga kigelegele. Kigelegele cha kwetu Iramba, kile cha kumtoa bibi harusi ndani. Kiligonga jabali kikarudi. Madirisha yakafunguka ukuta mzima, mwenye duka la mikate akatoka na unga mikononi, msichana wake nyuma yake, na boti iliyokuwa inapita ikanijibu kwa honi. Yule mwanamke alikuja kusimama pembeni yangu na aproni yake, hajachana nywele, mbele ya mji wake wote, akajaribu na yeye. Kikatoka kibaya mno. Nikamwonyesha ulimi unavyochezwa.

Binti alikuwa ameegemea mlango, gauni linachuruzika maji, analia kwa sauti bila kujificha.

"Rudia, shangazi," akasema.

Nikarudia.